Ndege Kwenye Chati ya Uchungu

Mkunga mkuu wa wodi ya wazazi alikuwa na tabia iliyowachosha watu: alihesabu kila kitu. Alihesabu pamba, alihesabu mikasi, alihesabu hata hatua kutoka chumba cha kujifungulia hadi chumba cha upasuaji. Zilikuwa arobaini na mbili ukitembea, thelathini ukisukuma kitanda huku roho iko juu. Mtoto akizaliwa, wenzake walisema "wa kike" au "wa kiume". Yeye alitaja kwanza saa na dakika, hayo mengine baadaye. Ndiyo maana wodi nzima ilimwita Mama Dakika. Yeye alijua, ila alijifanya hajui.

Siku ya safari ya binti yake aliingia kazini kabla ya saa moja asubuhi, macho mekundu kama aliyekata vitunguu, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya wauguzi na kutoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa chati ya uchungu, ile ya miraba midogo midogo ambayo wakunga huitumia kumfuatilia mama anayejifungua. Saa zinakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, upana wa njia ya mtoto, kwa sentimita, unapanda kutoka chini kwenda juu, na kati yake imechorwa mistari miwili ya mshazari. Wa kwanza ni wa tahadhari: ukiuvuka, mwite daktari. Wa pili ni wa hatua: ukiuvuka, acha maneno, fanya kitu.

Chati hiyo ilikuwa imeharibika kwenye mashine ya fotokopi, kichwa chake kimekatika, kwa hiyo asije mtu akasema ameiba mali ya hospitali. Palipopaswa kuandikwa sentimita aliandika kilomita, kuanzia sifuri chini hadi elfu tisa na mia nne juu. Kila mraba wa nusu saa ulibeba kilomita mia nne na kitu. Kwenye saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa ameshaweka nukta ya kwanza, nyeusi, ya kukandamiza.

"Huyu wa kitanda namba ngapi, dada?" akauliza Mama Pacha, muuguzi mwenzake wa zamu, mwanamke mwenye watoto pacha na ulimi usio na breki.

"Hana kitanda. Yuko angani."

Mama Pacha akaiinamia karatasi, akaisoma, akanyanyuka taratibu. "Dada, umeifungulia ndege chati ya uchungu?"

"Ina saa kumi na mbili. Safari ni saa kumi na moja. Kuna ubaya gani?"

Mama Pacha alitamani kucheka, lakini alimtazama mwenzake usoni akaahirisha. Alijua habari yenyewe, kama walivyoijua watu wote wa wodi ile.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Binti aliolewa na baharia, wakahamia mji wa mbali kupita kiasi, mji ambao baba yake, mwalimu mstaafu wa jiografia, aliupima kwa uzi kwenye tufe la dunia la sebuleni na kutangaza kwamba ni kilomita elfu tisa na mia nne, kasoro chache. Miaka mitatu iliyopita binti alibeba mimba ya kwanza. Katika wiki ya thelathini na sita uchungu ukamshika ghafla, mume yuko baharini, na ndani ya saa mbili akajifungua hospitalini huko huko. Mama Dakika alikuwa kwenye simu. Mtu fulani mwenye huruma alikuwa ameishika simu ile karibu na kitanda. Alisikia vyuma vikigongana, alisikia maneno ya lugha asiyoielewa, alimsikia binti yake akisukuma. Kisha akasubiri kilio cha mtoto. Alisubiri, akaangalia saa ya mkononi, dakika ya kwanza, ya pili, ya tano, na hakusikia kitu chochote mpaka binti alipoanza kulia yeye.

Tangu siku hiyo hakuwahi kulizungumza jambo lile kwa kirefu. Lakini binti alipopata mimba ya pili, Mama Dakika hakumpa nafasi ya kupumua. Aliomba likizo aende yeye, akaambiwa wakunga ni wachache, asubiri mwakani, kana kwamba mimba nazo husubiri mwakani. Basi akageuza maneno. Rudi nyumbani. Rudi nikuangalie mwenyewe. Alisema asubuhi, alisema jioni, alilia, alinuna, alimtumia baba mtu. Binti mwishowe akasema, "Haya mama, nakuja, nina wiki thelathini na nne, watu wa ndege wananiruhusu." Mama Dakika alipokata simu alifurahi hadi akakosea chumvi kwenye chakula. Furaha ilidumu siku mbili. Siku ya tatu akaanza kufikiria saa kumi na moja za angani, na kwamba ni yeye aliyezitafuta. Likitokea la kutokea huko juu, nani mwingine wa kulaumiwa?

Asubuhi ile ilikwenda vizuri. Saa tatu na nusu akaweka nukta ya kilomita elfu mbili na mia tano. Akamzalisha mama wa kitanda cha tatu, mvulana, saa nne na dakika kumi na mbili. Akanawa, akaweka nukta nyingine. Mama Pacha alipita na sinia akachungulia. "Njia ya uzazi inafunguka vizuri," akasema, na safari hii wote wawili wakacheka.

Kisha akaingia msichana mmoja mjamzito, mimba ya kwanza, macho yamemtoka kwa woga. Mama Dakika akamketisha, akafungua kadi.

"Una wiki ngapi, mwanangu?"

"Thelathini na nne, mama. Nimehesabu mwenyewe."

"Umehesabu kuanzia lini?"

Msichana akaona haya, akachezea ncha ya khanga. "Kuanzia siku mume wangu aliporudi safari. Hakuwepo miezi mitatu, kwa hiyo siku yenyewe naijua."

Mama Dakika akatabasamu, maana kosa hili alikuwa amelisahihisha maelfu ya mara. Akamweleza kwa upole kwamba wakunga hawahesabu hivyo. Wakunga huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wiki mbili kabla ya huyo mume kubisha hodi. "Kwa hiyo ongeza mbili. Una thelathini na..."

Kalamu ikabaki hewani.

Mume aliyerudi safari. Baharia! Binti yake alisema vile vile, miezi kadhaa nyuma, tena kwa kicheko: "Sina haja ya daktari kunihesabia, mama, siku aliyokuja likizo naijua." Thelathini na nne ongeza mbili, thelathini na sita. Wiki ile ile. Uzazi wa pili tena, ambao huwa hauna subira hata kidogo. Na kwa wakati huo, kwa mujibu wa chati, ndege ilikuwa imefikisha kilomita elfu nne na mia tatu, juu ya bahari, na bahari haina wodi.

"Mama, kuna kitu kibaya?" msichana akauliza, mikono juu ya tumbo.

"Wewe huna kitu kibaya. Wewe uko salama kabisa," akajibu, na alimaanisha. Alimpima msichana yule kwa utulivu wote, akamwandikia tarehe, akamsindikiza hadi mlangoni. Kisha akaingia chumba cha kuhifadhia mashuka, akafunga mlango, akampigia mumewe.

"Mwalimu, binti yako amekosea hesabu."

"Hesabu ipi? Kilomita nilipima mimi."

"Ya mimba! Ana wiki thelathini na sita. Amehesabu kuanzia mume wake alipokuja."

"Sasa?"

"Sasa piga simu uwanja wa ndege. Waambie."

"Niwaambie nini, mke wangu? Ile si teksi, ugonge bati ishuke kituoni. Imefika karibu nusu ya njia. Hata ikigeuka, kurudi ni mbali sawa na kuja."

Mwalimu alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mama Dakika alikata simu bila kuaga, akakaa juu ya rundo la mashuka. Miaka ishirini na sita alikuwa amewaambia wanawake wasubiri, uchungu una wakati wake, tulia, pumua. Leo ndiyo alijua lile neno "tulia" linavyomkera mtu.

Mama Pacha alimkuta pale. Akasikiliza yote akiwa amesimama, halafu akaketi naye juu ya mashuka, jambo ambalo siku nyingine lingemletea maneno.

"Mimi ndiye niliyemwita," Mama Dakika akasema. "Huko ana hospitali nzuri kuliko hii. Ana madaktari. Mimi nilitaka mjukuu wangu apokelewe na mikono yangu. Ni tamaa tu. Tamaa yangu imempandisha mtoto wa watu kwenye ndege."

"Mtoto wa watu gani? Mtoto wako."

"Mtoto wake, basi. Aliyemo tumboni."

Mama Pacha akamsogelea. Akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka kengele ya kitanda cha tano ilipolia.

Mchana ulivutika kama mpira. Mama Dakika alifanya kazi, tena alifanya vizuri. Mikono ilikuwa ikijijua yenyewe. Lakini kila nusu saa alirudi mezani kuweka nukta. Kilomita elfu sita. Elfu sita na mia nne. Kila nukta aliiwekea swali: sasa hivi mgongo unamuuma? Amesimama kwenda chooni? Chupa ya maji ya uzazi imepasuka? Alijaribu kukumbuka kama ndani ya ndege kuna mkasi. Akakumbuka hawaruhusu mikasi. Akawaza kitovu kitakatwa na nini, akawaza kwa dakika tatu nzima, akapata jibu la wembe wa kunyolea, akakumbuka nao hawauruhusu.

Saa kumi na moja na dakika ishirini na tano simu ikatetemeka mfukoni. Mwalimu, kutoka uwanja wa ndege.

"Imetua," akasema. "Dakika tano kabla ya hesabu yangu. Kuna upepo ulioisukuma."

Mama Dakika akaegemea ukuta. Imetua. Ardhini kuna magari, kuna barabara, kuna watu wenye mikasi. Akashusha pumzi aliyoona kama ameibeba tangu alfajiri, na Mama Pacha akapiga makofi peke yake katikati ya wodi hadi akina mama wakadhani kuna aliyejifungua.

Lakini nusu saa ikapita bila neno. Akapiga yeye.

"Watu wanatoka," Mwalimu akasema, na sauti yake haikuwa ya kutania tena. "Wametoka wengi. Wenye watoto, wazee, hata wale marubani wametoka. Yeye bado."

"Bado vipi?"

"Bado. Nimemuuliza askari, anasema nisubiri."

"Usisubiri, Mwalimu! Ingia!"

"Niingie wapi, nimevaa mabawa?"

Zikapita dakika kumi na saba, alizihesabu zote. Kisha ukaingia ujumbe, mfupi kama telegramu, maana Mwalimu aliandika kwa kidole kimoja na hakuamini maneno mengi: "Ametoka. Yuko kwenye kiti cha magurudumu. Tunakuja hospitali moja kwa moja."

Mama Dakika akapiga. Simu haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Mwalimu hakuwahi kutoka nyumbani na simu yenye chaji kamili tangu simu zilipovumbuliwa.

Kiti cha magurudumu. Mkunga haketi kujiuliza mara mbili maana yake nini. Alinyanyuka, na wote waliomwona siku ile wanasema alikuwa mtu mwingine kabisa. Chumba cha kujifungulia kikafunguliwa dirisha na kuwashwa taa. Shuka safi kitandani. Sinia ya vifaa, kila kitu mahali pake. Taulo mbili za kumpokelea mtoto zikawekwa kwenye joto, na mpira wa kumpulizia hewa mtoto asiyelia ukajaribiwa mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Daktari wa zamu akaarifiwa akae karibu. Mama Pacha akavaa aproni bila kuambiwa. Kisha wakasimama wawili mlangoni, wamevaa glavu, mikono juu, wanatazama ukumbi mrefu.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini mlango wa mwisho wa ukumbi ukafunguliwa. Kwanza akaingia Mwalimu, amebeba mabegi mawili na mkoba wa kike begani, anahema. Nyuma yake, kwa miguu yake mwenyewe, akaja binti. Tumbo mbele, viatu mkononi, miguu imevimba kama mikate, na mdomoni anatafuna biskuti.

"Shikamoo mama," akasema, makombo yakimdondoka.

Mama Dakika hakuitikia. Alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye kucha za miguu, akarudi juu. "Kiti cha magurudumu kiko wapi?"

"Kile cha uwanja wa ndege? Nimekiacha huko huko. Wajawazito wote wanasukumwa, mama, ni utaratibu wao. Nilisubiri hicho kiti mpaka abiria wote wakaisha. Nilikataa, wakasema nikae, nikakaa. Nimesukumwa kama bibi harusi." Akawaona walivyovaa, akayaona mataulo, akaona taa. Biskuti ikasimama njiani. "Kwani kuna nini hapa?"

Mama Dakika akamgeukia mumewe polepole. Mwalimu akaweka mabegi chini na kuanza kukagua dari.

"Una uchungu?" akamuuliza binti.

"Wa miguu."

"Chupa haijapasuka? Hakuna damu? Mgongo?"

"Mama, niko sawa. Nimelala saa sita, nimekula mara tatu."

"Una wiki thelathini na sita!" Ikamtoka kwa sauti ambayo wodi ile haikuwahi kuisikia kwake. "Umehesabu kuanzia mume wako alipokuja! Hatuhesabu hivyo! Unaongeza mbili! Umepanda ndege na wiki thelathini na sita!"

Binti akaimeza biskuti. Halafu akaanza kucheka, akashika ukuta, akacheka huku amelishika tumbo kwa chini, akafungua mkoba begani kwa baba yake na kuchomoa bahasha. Barua ya kliniki, yenye muhuri, ya siku nne zilizopita. Wiki thelathini na nne.

"Nilihesabu kuanzia alipokuja, nikaongeza mbili," akasema, akifuta machozi. "Kwani nimelelewa na nani, mama? Watoto wenzangu wakihesabu vizibo vya soda, mimi nilihesabishwa wiki za mimba za majirani. Wewe umeziongeza tena juu ya zangu."

Mama Pacha akatoka nje ya chumba. Walimsikia akichekea ukumbini, kicheko kirefu, kikienda na kurudi.

Mama Dakika alisoma barua ile yote, hadi anwani. Kisha akakaa kwenye kitanda alichokitandika mwenyewe kwa ajili ya mwingine. Binti akaja akaketi kando yake, kitanda kikalia.

"Nisamehe," Mama Dakika akasema. "Ni mimi niliyekuburuta. Nilitaka mimi."

Binti aliacha kucheka. Akaichezea bahasha. "Mama, tiketi niliikata kabla hujaanza kunibembeleza. Sikukuambia kwa sababu niliogopa utaniambia nisipande ndege. Kule wananitunza vizuri, sisemi uongo. Lakini kila nikiingia kwenye ile hospitali nakisikia kile kimya. Nikajua siwezi kulala tena pale bila wewe."

Mwalimu alisema anakwenda kutafuta mahali pa kuchaji simu, akatoka haraka kuliko ilivyohitajika.

"Lala," Mama Dakika akasema. Akavua glavu, akafungua droo, akatoa kile kipembe cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto. Mashine ya kisasa ilikuwepo mezani, hakuigusa. Akalipapasa tumbo la binti yake kwa viganja viwili, akaupata mgongo wa mtoto, akaweka kipembe na kuinamisha sikio. Kwa mkono wa kushoto akainua saa machoni, kama alivyofanya kila siku kwa miaka ishirini na sita.

Binti akamtazama. Mshale wa sekunde ukazunguka mara moja. Ukazunguka mara ya pili. Mama yake hakuinuka. Machozi yalikuwa yakimshuka puani na kudondoka juu ya tumbo, moja baada ya jingine.

"Mama? Mangapi?"

"Sijui," Mama Dakika akasema, sikio likiwa pale pale. "Sijahesabu."

"Basi rudia."

Akarudia. Akasikiliza muda mrefu, saa ameishusha juu ya shuka, na hata mara hiyo hakuhesabu.